Madoa ambayo Nang Tibang alikataa kuyapaka mafuta

Saa kumi na moja jioni upepo umekata. Pwani ya Tabugan, kisiwa kidogo kaskazini ya Cebu, imetulia tuli, na hiyo ndiyo habari mbaya. Upepo ukikata, usubi wanatoka mchangani.

Primitiva Arnado ameketi kwenye benchi la mianzi nyuma ya kibanda ambamo wapiga mbizi husuuza vifaa vyao. Mguu wa kijana mmoja kutoka Taipei umelazwa juu ya goti lake kama samaki anayesubiri kuparwa magamba. Mama huyu anaugeuza huku na huku, akihesabu vipele kwa ncha ya kidole.

"Thelathini na tisa," anasema. "Na huu ni mguu mmoja tu. Ulikaa wapi, mwanangu?"

Kijana anaonyesha mchanga mbichi, pale mwani unapotupwa na maji.

"Pale! Wenyewe umewafuata mpaka sebuleni kwao." Anacheka, anachovya vidole kwenye kikopo cha mafuta ya nazi, kisha anampiga kijana kibao chepesi mkononi. "Na usikune! Ukikuna leo, kesho ni kidonda. Keshokutwa kidonda kimekunywa maji ya chumvi, na wewe unabaki kitandani unawasikia wenzako wakisimulia papa."

Kiingereza chake ni cha kuungaunga, na kinapomwishia mikono humalizia. Hata hivyo, katika miaka kumi na moja hajapata mgeni aliyeondoka bila kumwelewa.

Hapa kisiwani hakuna anayemwita Primitiva. Wote, wageni kwa wenyeji, humwita Nang Tibang, dada mkubwa Tibang. Ana umri wa miaka sitini na moja, ni mfupi, na ana mikono mipana iliyolainika kwa mafuta ya kila siku.

Mafuta hayo huyatengeneza mwenyewe nyumbani, nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Nazi kumi na tano, akibahatika kumi na mbili, hutoa lita moja. Huzikuna nazi, hukamua tui, hulichemsha polepole mpaka mafuta yajitenge, kisha hutia mchaichai. Siku njema hupata peso mia sita. Siku ya upepo mkali hapati kitu, kwa kuwa usubi hawaruki na wageni hawawashwi.

"Mimi ndiye mtu pekee kisiwani anayeomba upepo utulie," anasema. "Lakini naomba kimoyomoyo. Nisije nikapigwa."

Zamani alilima mwani. Yeye na mumewe, Celso, walikuwa na kamba mia mbili baharini. Kimbunga kikazifagia zote kwa asubuhi moja, pamoja na paa la nyumba. Wakati wanahangaika kuanza upya, ndipo hoteli ya kwanza ya wapiga mbizi ilipojengwa, na wageni wakaanza kutoka majini wakiwa na furaha nyusoni na vipele miguuni.

Wengi walikuja na dawa za kupuliza. Dawa hizo ziliwafukuza usubi kweli, lakini ziliharibu plastiki za miwani ya kuzamia, na zikiingia machoni mtu alilia. Nang Tibang akaja na chupa moja, akampaka mama mmoja miguu yote kabla ya jua kuzama.

"Mafuta hayamfukuzi usubi," anaeleza. "Anakuja kama kawaida. Ila akitua, miguu yake inanasa kabla hajang'ata. Yule mama alikuwa na usubi waliokufa kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Alifurahi mpaka akanikumbatia, na mimi nikajaa mafuta."

Vijana wanaowaongoza wageni majini walimcheka. Rodel Mancao, kiongozi wao, ndiye aliyekuwa bingwa wa masihara. Akimwona tu na kikapu chake kinachonukia nazi, alikuwa akipaza sauti, "Jamani, keki imefika! Nani anaoka leo?"

"Nilikuwa namtania sana," anakiri Rodel, mwanamume wa miaka thelathini na sita mwenye sauti kubwa. "Nilidhani anachojua ni nazi tu."

Mawazo hayo yalimtoka mwezi Machi mwaka jana.

Seo Hana, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Busan, alikuwa katika siku yake ya tano kisiwani. Alikuwa amezama mara tatu kila siku, na asubuhi hiyo alishuka mita thelathini kuwatazama papa. Alipotoka kwenye mashua baada ya kuzama mara ya pili, alikuwa anakuna tumbo juu ya fulana yake.

"Usubi wamenimaliza," aliwaambia wenzake. Wakacheka. Kila mtu alikuwa anakuna mahali fulani.

Rodel akamwelekeza kwenye benchi la mianzi. "Nenda kwa Nang. Utatoka unanukia kitindamlo."

Hana akaketi, akapandisha fulana. Nang Tibang alikuwa tayari ameshachovya vidole. Mkono ukaishia hewani.

"Nilitafuta kipele," anakumbuka. "Usubi akiuma anaacha alama yake. Kuna uvimbe, na katikati kuna kitone kidogo kabisa. Pale hapakuwa na kitone. Ngozi ilikuwa na mabaka ya zambarau na weupe yaliyoshikana kama wavu, kuanzia kitovuni mpaka chini ya titi. Nikajiuliza, usubi gani huyu anayeingia ndani ya vazi la kuzamia lililobana hivyo, anang'ata tumbo, halafu anaacha vifundo vya miguu?"

Akatazama vifundo. Vilikuwa safi.

Akamuuliza kama bega linauma. Hana akashangaa. Ndiyo, bega la kushoto lilikuwa linamuuma tangu atoke majini, lakini alidhani ni uzito wa mtungi. Alikuwa pia amechoka vibaya.

Nang Tibang akafuta mafuta kwenye sketi yake, akamwita Rodel kwa jina la kumwitia kijana yeyote wa huku.

"Dong, njoo uone."

Rodel alikuja akiburuta mitungi miwili. "Nang, ni usubi hao. Mpake tu apumzike, ana mbizi nyingine saa tisa."

"Simpaki."

"Humpaki? Leo umegoma?"

"Hawa siyo usubi. Hii ni hewa imemnasa mwilini. Leta oksijeni."

"Nang, saa yake ya kuzamia haikulia kuonya hata mara moja. Nilikuwa naye bega kwa bega. Tumepanda taratibu."

"Saa yako ina macho? Imeona tumbo lake? Wewe hata kutazama hujatazama!"

Wageni walikuwa wamegeuka. Rodel anasema aliona aibu, na aibu ikamfanya mkaidi. Akamwambia asiwatishe wateja, akauze mafuta yake.

Nang Tibang akasimama. Wanaomfahamu wanasema hawajawahi kumwona akipandisha sauti kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Isko nilimpaka mafuta!" alisema. "Unamjua Isko. Unamwona anavyotembea. Tumbo lake lilikuwa hivihivi, na mimi kwa mikono yangu hii nilimkanda jioni nzima nikimwambia ni usubi, lala. Asubuhi miguu ikakataa. Sasa lete hiyo oksijeni, Dong, au naifuata mwenyewe, na mimi kuifungua sijui, naweza kuivunja tu."

Isko ni mdogo wake. Alikuwa mmoja wa wavuvi wanaozama kwa mpira mrefu mdomoni, hewa ikisukumwa na mashine iliyo juu ya mtumbwi. Hukaa chini saa nzima, wakati mwingine mbili, kisha hupanda haraka, kabla hewa iliyojaa mwilini haijapata muda wa kutoka, kwa sababu baridi imewashinda au mashine imekohoa. Isko yupo hai, anafuga nguruwe, na anatembea kwa magongo mawili tangu akiwa na miaka ishirini na minane.

Rodel akapiga magoti, akatazama tumbo la Hana kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa nimeyaona mabaka hayo kwenye picha za kozi, miaka mingi nyuma," anasema. "Nikakimbia."

Ndani ya dakika nne Hana alikuwa amelazwa kwenye mkeka, barakoa ya oksijeni usoni, Nang Tibang akimpepea. Rodel akapiga simu ya dharura ya wapiga mbizi. Daktari aliuliza maswali sita au saba, kisha akasema mgonjwa asiachishwe oksijeni na aletwe mjini Cebu, kwenye chumba cha shinikizo, ambamo hewa hubanwa mpaka mapovu mwilini yayeyuke, bila kusubiri jioni.

Walipofika katikati ya mlango wa bahari, Hana alianza kuhisi ganzi kwenye paja. Nang Tibang alikuwa ameshika mguu huo. Hakuna aliyemwomba apande boti. Alipanda tu, na kikapu chake.

"Alikuwa ananitazama kwa macho makubwa," anasema. "Sikuwa na Kikorea, na Kiingereza kilinikimbia kabisa. Basi nikawa namhesabia kwa lugha yetu, usa, duha, tulo, avute pumzi. Tulihesabu mpaka ng'ambo."

Kutoka hapo, safari ya barabarani ilichukua muda wa saa tatu na nusu. Hana alifungiwa kwenye chumba cha shinikizo jioni hiyo, akarudishwa humo mara mbili siku zilizofuata. Daktari alieleza kwamba mtu anaweza kufuata kanuni zote na bado mapovu yakamkuta, hasa akizama siku nyingi mfululizo bila kupumzika. Siku ya nne Hana alishuka ngazi za hospitali kwa miguu yake.

Rodel alimpokea Nang Tibang gatini aliporudi. Anasema alikuwa ameandaa maneno mengi, yakamtoka machache.

"Nisamehe, Nang."

"Nibebee kikapu," alijibu. "Kizito."

Tangu hapo hotelini kuna desturi mpya. Mgeni yeyote anayewashwa hupita kwanza kwenye benchi la mianzi, na viongozi wapya wa mbizi huketi hapo wiki nzima wakijifunza kutofautisha ngozi. Wapi usubi wameuma, wapi kiwavi wa bahari amechoma, wapi vazi limekwaruza tu. Nang Tibang huwafunza kwa maswali. Anayekosea humenya nazi.

Lakini moyo wake sasa uko upande wa pili wa kisiwa, ambako hakuna hoteli. Huko wanaume wapatao arobaini bado wanazama kwa mpira na mashine, na usubi ni wengi kuliko hapa. Mwanamume akirudi anawashwa, mkewe humkanda kwa mafuta na kumwambia alale.

Kila Jumamosi baada ya saa nane, Nang Tibang huenda huko kwa pikipiki ya kukodi na kuketi na wanawake hao uani kwa Merlita Sumalpong, fundi cherehani. Jumamosi iliyopita walikuwa kumi na wanne. Aliwapitishia simu yenye picha za tumbo la Hana, ambazo Hana mwenyewe alimtumia kwa hiari.

"Hii mkande?" aliwauliza.

"Tusikande!" wakajibu.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua mkono. "Nang, wewe humjui mume wangu Danilo. Nikimwambia akae nimkague atasema, lini umekuwa daktari?"

"Mwambie apandishe fulana kwanza, matusi yatafuata," alijibu Nang Tibang, na ua mzima ukacheka.

Anachotaka ni mtungi mmoja wa oksijeni uwekwe kwenye zahanati ya upande huo, na mtu wa kuujaza. Mwenye hoteli ameahidi mtungi wa zamani. Wa kuujaza hajapatikana. Rodel amejitolea kwenda kuwafundisha wanaume namna ya kupanda polepole, na ameshazomewa mara mbili. Anasema atarudi.

"Wataendelea kuzama, sina cha kuwapa kinachozidi samaki," anasema Nang Tibang akifunga kikapu chake, huku jua likishuka na usubi wakianza kuzunguka taa. "Lakini nataka mwanamke wa kule, mumewe akirudi anajikuna, alete taa karibu, atazame vizuri. Basi. Atazame tu kabla hajashika mafuta."