Banda la Watoto wa Kambo

Kuku wangu wa mayai walikuwa wakifa wakiwa wanene, na unene huo ndio ulioninyima utulivu. Kuku mwenye kideri hutoa taarifa: hujikunyata, huhara kijani, hupinda shingo. Hawa hawakutoa taarifa yoyote. Jioni walinyang'anyana chakula, asubuhi mmoja yuko chini, kilemba kimepauka, na karibu kila mara alikuwa yule mzito kuliko wenzake. Jirani mmoja hapa Bukhayo alisema boma langu limetazamwa kwa jicho baya. Mimi nilichukua kisu, nikampasua aliyekufa asubuhi ile. Tumbo la kuku yule lilijaa mafuta hadi firigisi haikuonekana, na ini, ambalo hupaswa kuwa jekundu lililokolea, lilikuwa la njano, laini kama unga uliokandwa. Lilikuwa limepasuka, na damu imeganda juu yake.

Mimi ni fundi wa mizani. Nimezunguka Bumala, Busia na Malaba miaka mingi nikirekebisha mizani ya wauza nafaka na samaki. Siku hizi wengi wana mizani ya betri, na ikiharibika hutupwa. Mayai ndiyo yaliyobaki kutulisha mimi na mama yangu, ambaye amezeeka na hushinda nyumbani. Kwa hiyo sikusoma habari za maini kwa kujifurahisha.

Nilichoelewa ni hiki. Kuku aliyefungiwa bandani akila wanga mwingi kuliko anaoutumia, ini lake huugeuza kuwa mafuta. Sehemu ya mafuta hayo huenda kwenye kiini cha yai. Yanayozidi hukaa palepale na kulilemea ini. Nilisoma pia kwamba wako wafugaji wanaochanganya majani makavu ya mlonge na kitunguu saumu katika chakula ili kupunguza mafuta hayo. Wengine waliandika kwa uhakika, wengine kwa kusitasita. Fundi wa mizani haamini mizani mpaka aweke juu yake jiwe ambalo uzito wake anaujua. Nikaligawa banda kwa wavu. Pande zote mbili zilipata chakula kilekile cha kusagwa, kwa mkebe uleule. Wa kushoto niliwaongezea unga wa majani. Wa kulia sikuwaongezea. Nilimweleza mama asichanganye chakula cha pande hizo mbili.

Kisha ikaanza tabu ya kungoja. Mafuta ya kuku aliye hai hayaonekani. Kila asubuhi niliwashika mmoja mmoja, nikawapapasa tumbo, nikawashusha bila kujua zaidi ya nilichojua jana. Nikiwa kazini nilikaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Kule Malaba mama mmoja muuza nafaka, ambaye kuku wake pia walikuwa wakifa na nilikuwa nimemweleza habari za majani, aliniona nimeduwaa mbele ya mizani yake.

"Mzee wa mizani, hiyo dawa yako iko aje?"

"Ngoja kwanza."

"Ningoje mpaka nibaki na manyoya pekee?"

Majibu yalipokuja, yalikuja kwa kishindo. Upande wa kulia kuku waliendelea kuanguka, na wanene zaidi kuliko wale wa mwanzo. Upande wa kushoto hakufa hata mmoja. Nilianika majani mengine kwenye magunia mpaka uani pakakosa pa kupita, na nikajikuta nikifikiria jinsi ya kuyafunga katika pakiti. Hata hivyo sikutulia. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Mshale wa mizani ukiruka ghafla namna ile, fundi huangalia kwanza kama kuna mkono ulioegemea sahani.

Kuku aliyefuata kufa sikumwanzia tumboni. Nilianzia gole, kile kifuko cha shingoni ambamo chakula hukaa kabla ya kusagwa. Ndani nilikuta punje nzima za mahindi ya kuchemsha na maharagwe mawili. Chakula changu hakina punje.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwonyesha kiganja changu.

"Mama, hii imetoka wapi?"

Aliitazama bila wasiwasi. "Si ni nyoyo ya jana, hayo mahindi na maharagwe tulibakisha."

"Umekuwa ukiwapea?"

"Hao wa kulia tu. Wa kushoto nimewaacha na dawa yao, vile ulisema."

"Kila siku?"

"Baba, kila asubuhi unawapita na mkebe wa dawa, wanakutazama tu. Umewafanya watoto wa kambo. Ungekuwa wao, haungetaka kupewa kitu?"

"Wanakufa kwa kunenepa, Mama."

"Tangu lini kuku akafa kwa shibe? Kuku amekonda ndio aibu ya boma."

Majani yangu hayakuwa yameshinda chochote. Yalikuwa yamewekwa kushindana na nyoyo, si na chakula kitupu.

Nilipopita Malaba, yule mama muuza nafaka alikuwa tayari ameshika mfuko wa kutilia unga wa majani. Nilimwambia sitamuuzia.

"Kwani haifanyi?"

"Sijui."

"Umesoma hizo vitu zote na hujui?"

"Wewe kuku unawalisha nini?"

Alitazama chini ya meza yake, mahali ambapo mahindi humwagika mchana kutwa. "Hizi za kufagia. Si ni za bure?"

"Anza kwa kuziacha hizo."

"Aki mzee, wewe hautawahi tajirika," alisema, akaukunja mfuko wake.

Nimeanza upya. Safari hii mama ndiye anayelisha pande zote, kwa mkebe nilioutia alama ya kipimo, kwa sababu nikiwa safarini ni yeye tu aliyepo. Jana nilimtazama. Aliwamwagia wa kushoto huku akiwasemesha. Alipofika kwa wa kulia aligeuza uso, akamwaga bila kuwaangalia, akaondoka upesi. Nilibaki nikilitazama fundo la leso aliyojifunga kiunoni, nikijaribu kukisia kama lina punje za nyoyo ndani.