Nyekundu Irudi!

Kiwandani Thika kazi yangu ilikuwa kupiga kelele. Nilisimama mwisho wa mashine ya kuchapa vitambaa, pale leso na vitenge vinapotoka vikiwa bado na unyevu, na macho yangu hayakubanduka kwenye kitambaa. Kila rangi ilikuwa na rola yake. Rola moja ikisogea kidogo tu, ua linatoka na kivuli pembeni, na kitambaa kizima kinaonekana kama kimefuliwa na mtu mwenye hasira. Hapo nilipaza sauti kushinda ngurumo ya mashine: "Nyekundu irudi!" Na yule wa rola aliirudisha. Nilipiga kelele hiyo miaka kumi na moja, na sitadanganya, niliipenda.

Halafu kiwanda kikaanza kupunguza watu. Siku moja jora zima la kitenge lilikutwa na maua yenye vivuli. Lilikuwa limepita saa ya chakula, mimi nikiwa kantini na sahani yangu ya githeri, na aliyenishikia nafasi alijulikana na kila mtu. Msimamizi hakutaka kusikia. Aliniita mbele ya zamu nzima akasema, "Mama, macho yako yameisha. Enda nyumbani upumzike." Nikavua aproni nikarudi Ruiru.

Jioni hiyo nilimweleza mume wangu yote, kuanzia githeri hadi aproni. Yeye ni mtu wa maneno machache. Ana lori la kubeba mawe ya kujengea, na nadhani kelele za machimbo zilimfundisha kunyamaza. Aliniambia pole, akamaliza ugali wake. Siku mbili baadaye aliniwekea mezani miwani aliyoinunua sokoni, kwa yule mtu anayezitundika ubaoni. Alifanya hivyo kwa upendo, najua. Lakini nilielewa kuwa hata yeye ameamini maneno ya msimamizi, na hilo liliniuma kuliko kufutwa kazi. Niliitia miwani kwenye droo ya kabati, chini ya vitambaa vyangu vya kufuma, na hapo ikakaa miaka miwili.

Mbaya zaidi, na mimi nilianza kujishuku. Kila asubuhi nilikaa dirishani nikitunga uzi kwenye sindano. Uliingia mara ya kwanza kila siku, lakini nani angenipa cheti kwa sababu ya sindano?

Ndipo mume wangu akapata kazi nzuri ya kupeleka mawe mahali kunakojengwa shule, na akarudi nyumbani na wazo. Kwa mteja mmoja alikuwa ameona televisheni kubwa kama kabati la nguo, ile ambayo picha inapigwa kutoka ndani, kwa nyuma ya kioo. Alitaka kama hiyo. Mtu aliyekuwa haongei aliongea juu ya televisheni wiki nzima.

Jumamosi tukaenda Thika, kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye mama yangu alikuwa akinunua redio na betri kwake tangu zamani. Alikuwa na mbili kubwa, zimesimama bega kwa bega, zote zikionyesha matangazo yale yale. Mume wangu na mwenye duka walisimama mbele ya ile ya kushoto wakiisifu. Iling'aa hadi uso wa mtangazaji ukawa kama nyanya. Mimi nikavuta katoni tupu, nikaigeuza, nikakaa.

"Mama, umechoka? Nikuletee kiti?" mwenye duka akauliza.

"Sijachoka, mzee. Kwani nyumbani tutatazama tukiwa tumesimama?"

Kutoka pale chini mambo yalibadilika kabisa. Ile ya kulia, ambayo ukiwa umesimama ilionekana na giza, ilifunguka vizuri, na maandishi yake yalikuwa safi. Ile ya kushoto iliendelea kuniunguza macho, na kila herufi ilikuwa na kijivuli chekundu ubavuni.

"Tutachukua hii ya kulia," nikasema.

"Hiyo iko na giza," mume wangu akasema.

"Haina giza. Hiyo nyingine imevutwa mwangaza hadi mwisho. Mzee, hebu ishushe kidogo tuone."

Mzee akaishusha kwa rimoti. Nyanya ikaisha, uso ukabaki umepauka, na vile vijivuli vikawa bado vipo. Akacheka. "Mama, wewe ulifanya kazi kwa duka gani?"

"Sikufanya dukani. Nilifanya kwa kiwanda cha nguo."

Mume wangu alinitazama, kisha akakubali, nafikiri kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. Toka hapo nilijua kwamba televisheni ile ni yangu. Ikiharibika, nitakuwa nimeonyesha mji mzima kuwa msimamizi alisema kweli.

Tuliibeba kwa lori la mawe, imefungwa kwa magodoro mawili na blanketi. Barabara kuu haikuwa mbaya, lakini ile njia ya kwetu ilikuwa na mashimo ya kumeza kuku. Wanaume wanne waliiingiza sebuleni. Nilitandaza kitambaa changu kipya cha kufuma juu yake, mume wangu akabonyeza, picha ikaja, watoto wakapiga makofi. Nami nikakaa kwenye kochi nikaona kile ambacho sikutaka kukiona. Kijivuli chekundu kimeingia. Kilikuwa chembamba, lakini kilikuwepo, kwenye kila herufi.

"Nyekundu imetoka," nikasema. "Ni ile barabara imeitingisha."

Mume wangu akatazama, akatazama tena. "Mimi naona iko sawa tu." Kisha akauliza kwa upole sana, "Mama watoto, ile miwani uliweka wapi?"

Niliondoka nikaenda jikoni. Nililia mbele ya sufuria ya maharagwe, na sioni haya kuliandika hilo.

Mwenye duka alituma fundi wake, mwanamume wa makamo mwenye mkoba wa bisibisi na haraka nyingi. Aliiwasha, akabonyeza rimoti hadi msalaba ukatokea katikati ya kioo. Alinieleza kwamba ndani mna taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila moja inachora msalaba wake. Ya kijani haisogei. Hizo mbili unazisukuma hadi ziikalie. Akazisukuma, ikawa sawa, hata mimi nikakubali. Akaenda zake. Baada ya nusu saa nyekundu ikatoka tena. Akarudi Alhamisi, akafanya vile vile. Nilipomwambia kwamba haidumu, alifunga mkoba wake na kusema, "Mama, mashine ni sawa. Hiyo sasa ni macho."

Yaani neno lile lile, ndani ya nyumba yangu! Mume wangu alikuwa mlangoni, akasikia. Akasema basi, Jumapili mwenye duka aje, tubadilishe tuchukue ile ya kung'aa. Nikajua ikitoka mlangoni, nami sitapinga tena neno lolote la mtu yeyote juu ya kitu ninachokiona.

Nilipokuwa nikisugua sufuria siku hiyo nikakumbuka kitu ambacho kila mtu wa kiwandani alikijua. Kitambaa cha kwanza cha asubuhi hakikuuzwa. Tulikikata tukakifanya matambara, kwa sababu mashine ikiwa baridi rangi hazijatulia, na ukizipanga wakati huo zitakutoroka ikishika joto. Huyu fundi alikuwa akiwasha na kupanga papo hapo. Sufuria ikanitoka mkononi. Nilicheka peke yangu pale kwenye karo.

Jumapili, baada ya kanisa, mwenye duka akaja na fundi wake. Nilikuwa nimeshaiwasha. Fundi akanyoosha mkono achukue rimoti, nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Chai kwanza," nikasema.

"Mama, tuna haraka."

"Hakuna haraka ya kushinda mandazi yangu. Kaeni."

Walikunywa kikombe cha kwanza, na cha pili nikawamiminia bila kuwauliza. Mwenye duka alikula mandazi matano, fundi akawa anatazama saa, mume wangu akawa ananitazama mimi. Nilipoweka kiganja nyuma ya ile mashine na kusikia joto likitoka, nikatoa rimoti nikaita msalaba. Nyekundu ilikuwa imeenda kushoto, buluu imeshuka chini, na mzee akainama mbele. "Eh! Kweli imetoka," akasema. Fundi akaacha kutazama saa.

Nikaanza kubonyeza. Nyekundu ikaja kidogo, ikaja tena kidogo, ikasita. Sikupanga kufanya nilichofanya, lakini mwili una kumbukumbu zake. Nilisimama katikati ya sebule nikapaza sauti yote ya miaka kumi na moja: "Nyekundu irudi!" Fundi aliruka na kikombe chake. Na nyekundu ikarudi. Nikaipandisha buluu, na ilipoikalia kijani, ule msalaba ukawa mweupe. Kiwandani rangi hizo zikipandana zilitoa rangi ya matope. Hapa zilipandana zikatoa weupe mtupu, nami nikabaki nimeshika rimoti, nimefurahi.

Tulingoja nusu saa nyingine. Haikusogea. Kwenye matangazo herufi zilikuja safi kabisa, huku mtangazaji ana uso wa binadamu.

"Mama, hiyo ya kungoja ipate moto umefunzwa wapi?" fundi akauliza, na sasa aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Nimefunzwa na matambara."

Mwenye duka akasema iko nyingine pale dukani, mteja wa Thika aliirudisha kwa malalamiko hayo hayo, na kama nina nafasi Jumatatu niende niiangalie, kazi ya kulipwa. Nikasema nitaangalia kama nina nafasi. Nilikuwa nayo tele.

Walipoondoka, mume wangu alikuwa bado amesimama nyuma ya kochi. "Mimi," akasema polepole, "sijaona kitu kikisogea."

Nikamwambia asogee karibu. Akachuchumaa mbele ya kioo. Akakunja uso, akarudisha kichwa nyuma, akakirudisha tena, vile alivyofanya mwaka mzima akisoma risiti zake za mawe, na mimi kwa kujihurumia sikuwahi kuliona hilo. Nikaenda kwenye kabati, nikavuta droo, nikainua vitambaa. Nikamvalisha miwani mwenyewe.

Nikaita msalaba, nikaisogeza nyekundu hatua moja nje. "Sasa?"

"Haiya!"

Nikairudisha. "Na sasa?"

Alikaa pale chini, mikono magotini, miwani puani. Kisha akauliza bila kugeuka, "Ile siku ya kiwandani. Hicho kitambaa kilipita ukiwa umeenda kula?"

"Nilikuwa kantini."

"Si ungeniambia."

"Nilikuambia."

Alivua miwani, akachukua kitambaa changu cha kufuma pale juu ya televisheni, akaipangusa vizuri, akaivaa tena. Ndipo akageuka akanitazama.

"Basi niambie tena," akasema.

Nikakaa kando yake sakafuni, nikaanza na githeri.