Waya Mahali pa Fyuzi

Sitaandika jina la mtu hapa, hata langu. Daftari hili ninalificha chini ya godoro, na nyumbani kwetu hakuna asiyejua kwamba liko chini ya godoro.

Papa ana gari ndogo ya zamani ya kubeba abiria. Anatoka Kamembe asubuhi, anashuka Bugarama, anapanda tena. Siku nyingine anawapeleka akina mama na mizigo yao mpaka mpakani, kwenye kituo cha Rusizi II. Gari hiyo ndiyo inatulisha na ndiyo inanisomesha. Nayasema haya mapema ili ijulikane nilichezea kitu gani.

Umeme wa gari hiyo ulikuwa unatengenezwa na mzee mmoja mwenye karakana ya mabati karibu na mahali pa kuoshea magari. Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikiulizwa, jibu ninalo, lakini natazama dawati mpaka mwalimu amwite mwingine. Kwa mzee hakukuwa na haja ya kusema. Wakati wa likizo nilikuwa namfuata Papa, nasimama pembeni, naangalia. Siku moja mzee alinipa ile taa yake ya kupimia umeme, yenye ncha kama sindano, akasema nishike.

“Angalia, Maman,” aliniambia. Huku kwetu hata msichana wa miaka kumi na sita anaitwa Maman akipendwa. “Betri iko hapa. Hii waya nene inatoka kwa betri, inapita kwa fizible kubwa, inaingia mu hii bwati ya chini ya kapo. Pale njo umeme unagawanyika. Ingine inaenda kwa taa, ingine kwa honi, ingine inaingia ndani, mu bwati ndogo ya chini ya tablo. Kila njia na fizible yake, kila fizible na rangi yake. Nyekundu ni ya ampea kumi, buluu kumi na tano, manjano makumi mbili, kijani makumi tatu.”

Fizible ni fyuzi. Shuleni tunaandika fyuzi, mtaani tunasema fizible. Bwati ni kisanduku, kapo ni boneti, tablo ni dashibodi.

“Na umeme unarudi na waya gani?” niliuliza. Nilishtuka kusikia sauti yangu.

Mzee aligonga mlango wa gari kwa kidole. “Na hii. Chuma yote ya gari ni njia ya kurudi.”

Halafu alichomoa fyuzi moja ya buluu, ndogo, yenye miguu miwili bapa. Mgongoni ilikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Ndiyo ilikuwa alama yake. Kila fyuzi aliyoiweka yeye aliitia nukta ile kwa chupa ya mke wake, ili gari ikirudi ajue kipi ni chake na kipi kiliwekwa na wengine. Madereva wote walijua: nukta nyekundu ni kazi ya mzee.

“Waya inavumilia kiasi yake,” alisema. “Umeme ukipita pale, waya inapata moto, inachoma gari. Sasa huyu fizible anakufa kwanza, waya inapona. Njo kazi yake. Na hapa kwangu, waya haiingiake mahali pa fizible. Hata siku moja. Muntu akiniomba vile, namufukuza na gari yake.”

Niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Kwaya yetu ilialikwa Gashonga kuimba kwenye sherehe ya shukrani, uwanjani, katikati ya migomba. Papa alitupeleka kwa safari tatu. Tulipofika, umeme wa kijiji ulikuwa umekatika, lakini kiongozi wa kwaya hakuhangaika. Alikuwa na kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Alikichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara garini, ampli, ile mashine ya kukuza sauti, akaiunganisha pale. Papa aliniachia ufunguo, akaenda kumsalimia shangazi yake.

Wimbo wa kwanza haukufika kwenye kiitikio. Ampli ikanyamaza, kinanda kikanyamaza, tukabaki na sauti zetu tu, na watu wakaanza kugeuza shingo.

“Weye!” kiongozi aliniita kutoka mbele. Mimi huwa nasimama mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya mama mmoja mnene, na nafasi hiyo ninaipenda. “Si weye unapataka pointi mingi mu fizikia? Njoo utengeneze!”

Watu wote walinitazama. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo. Nilienda, nikajiingiza chini ya tablo, kichwa ndani, miguu nje, na nilijua tatizo kabla ya kufungua bwati. Ile fyuzi ya buluu ya tundu la sigara ilikuwa imekufa. Ampli ilikuwa inavuta umeme mwingi kuliko ile njia inavyoweza kubeba. Jambo la kufanya lilikuwa moja tu, kutoka na kusema: haiwezekani, imbeni bila ampli.

Kwa kusema hivyo ningehitaji kusimama mbele ya watu wale na kufungua mdomo. Sikuweza. Ilikuwa rahisi zaidi kwangu kufanya kosa kuliko kusema neno.

Kwenye mfuko wa kinanda kulikuwa na waya wa maikrofoni ya zamani. Nikachomoa nyuzi za shaba, nikakata kwa mkasi mdogo, nikazifunga kwenye miguu ya fyuzi iliyokufa: mizunguko mitatu huku, mitatu kule, imelala sambamba, kama mwalimu alivyotufundisha kuzungusha waya kwenye msumari. Nikairudisha mahali pake. Ampli ikanguruma.

“Injinia!” kiongozi alipiga kelele. “Mupigie makofi injinia wetu!”

Wakapiga. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Katikati ya wimbo wa tatu nilisikia harufu ya plastiki iliyopata moto. Niliisikia, nikaendelea kuimba.

Papa aliporudi, nilitaka kumwambia. Alikuwa anatabasamu, kiongozi alikuwa ameshamwambia mtoto wake ana akili, bila kumweleza nilichofanya. Nikasema moyoni: kesho nitapita kwa mzee, nitaomba fyuzi mpya, nitaiweka bila mtu kujua. Kesho yake nilifika mpaka ng'ambo ya barabara. Karakana ilikuwa imejaa madereva wanacheka. Kama ningeomba fyuzi, mzee angeuliza ya nini. Nikasimama kama mtu anayengoja pikipiki, na mwenye pikipiki aliposimama nikamwambia hapana. Nikarudi nyumbani.

Siku iliyofuata, kwenye mteremko wa kwenda Bugarama, moshi ulitoka chini ya tablo. Papa alikuwa na abiria wanne. Mama mmoja aliruka na kikapu chake cha mayai kabla gari haijasimama vizuri. Papa alikimbia kufungua kapo, akang'oa waya wa betri kwa mkono, na kiganja chake kikaungua. Hakuna aliyekufa. Ninaliandika hilo kwa sentensi yake peke yake kwa sababu nimelifikiria mara nyingi. Ile njia ya tundu la sigara ilikuwa imeyeyuka tangu Gashonga, ngozi yake ikashikana na nyaya za jirani, na pale ambapo fyuzi ingepaswa kufa, shaba yangu ilikataa kufa.

Gari ilivutwa kwa kamba mpaka kwa mzee. Papa alinipigia simu nilete funguo za akiba, nikafika wakati amesimama katikati ya karakana, mkono umefungwa kitambaa, ameshika kile kitu kati ya vidole.

“Mzee, hii ni nini?”

Mzee alivaa miwani. Fyuzi ilikuwa imeyeyuka nusu, lakini nukta nyekundu ilikuwa bado inaonekana, na waya pia.

“Alama ni yangu,” alisema. “Waya si yangu.”

“Alama yako, waya ya nani? Ya malaika?”

Madereva walicheka. Mzee hakucheka. Aligeuza fyuzi upande mmoja, akageuza upande mwingine, midomo yake ikitikisika kidogo kama anahesabu. Kisha akainua macho na kunitazama mimi. Si kwa hasira. Nilitazama viatu vyangu.

“Kila siku unatufundisha hapa,” Papa alisema, “waya haiingiake, waya haiingiake! Kumbe weye mwenyewe!”

Mzee alimrudishia kile kitu, akafuta mikono yake kwa kitambaa, akaenda kukaa ndani. Gari ikapelekwa kwa fundi mwingine.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Papa alisimulia maegeshoni, na maegesho yetu hayahitaji redio. Kila dereva alifungua bwati yake, akaona nukta nyekundu, akaanza kuwa na wasiwasi. Waliacha kwenda kwa mzee. Wakampa jina: Mzee Waya. Nikitoka shuleni nilikuwa napita mbele ya karakana na kumwona amekaa kwenye tairi, mchana mweupe, bila gari hata moja mbele yake.

Niliandika barua. Ukurasa mzima, mwandiko mzuri, kila kitu tangu Gashonga. Gari ilipotoka kwa fundi yule mpya, niliiweka barua juu ya kiti cha dereva, nikasimama dirishani. Papa alitoka, akaiona, hakuifunua. Alifungua kapo, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa barua yangu.

“Maman!” aliniita. “Karatasi yako hii ni nzuri, inafuta muzuri sana. Hauna ingine?”

Nilimpa nyingine. Tupu.

Ilikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi magari yanasimama na mtaa mzima unatoka kufanya kazi ya pamoja. Nilienda na Papa. Tulisafisha mfereji wa barabara. Mzee alikuwepo, peke yake mwisho wa mstari, na jembe lake lilikuwa limelegea kwenye mpini. Kazi ilipokwisha, madereva walisimama pamoja na majembe begani, wanangoja mkutano uanze. Mzee alikuwa ameinama anatafuta jiwe la kugongea.

“Mzee!” dereva mmoja aliita. “Juu ya nini unatafuta jiwe? Funga na waya! Si weye uko fundi wa waya?”

Walicheka mpaka mmoja akaangusha jembe. Papa pia alicheka. Mzee alishika jiwe, akabaki ameinama hivyohivyo, hainuki.

“Ni mimi,” nilisema.

Hakuna aliyesikia.

“Papa. Ni mimi.”

“Weye ni nini?”

“Ile waya. Ni mimi nilifunga. Kule Gashonga, juu ya ampli ya kwaya. Mzee hakufanya kitu.”

Sijui kama nilisema kwa sauti kubwa. Najua tu kwamba kicheko kilikatika. Papa alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Alianza kuinua mkono, ule wenye kovu la betri, akauona, akaushusha.

“Nilijua,” mzee alisema.

Papa alimgeukia. “Ulijua? Na ulinyamaza?”

“Nilihesabu. Tatu huku, tatu huku, imepangwa sawa vile mu daftari ya masomo. Dereva anafungaka waya kama anafunga kuku ya soko.” Mmoja alicheka, akanyamazishwa. “Mutoto wako alikuwa amesimama pale, anaangalia viatu. Kama mimi njo nasema, ungemupiga mbele ya hawa bote.”

Kisha akanigeukia mimi, na hapo sauti yake haikuwa laini tena.

“Lakini nilikungojea, weye. Kila siku unapita pale na mufuko ya masomo. Kila siku nasema, leo ataingia. Barabara ni hatua ngapi, Maman? Ilikuwa mbali vile?”

Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini sikulia, nilikuwa na joto tu, masikioni na shingoni, joto la kutaka ardhi ifunguke.

Papa hakuomba msamaha kwa maneno. Alilichukua jembe mkononi mwa mzee, akachukua na jiwe, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Jumamosi, akaligonga jembe mpaka likakaa imara. Akamrudishia kwa mikono miwili. “Kesho kutwa nakuletea gari,” alisema. “Ufungue bwati yote, utoe fizible ya bale bafundi bengine, uweke yako.”

Madereva wamerudi kwa mzee, si wote lakini wengi. Papa hakuongea nami kwa siku nne, siku ya tano akaniuliza kama nimekula.

Ila jina halikuondoka. Jina likishika maegeshoni limeshika. Juzi nilikuwa napita ng'ambo, nimevaa sare ya shule, nikasikia dereva anaita, “Mzee Waya, uniangalilie taa!” Na mzee akaitika. Akaitika kabisa, kana kwamba ndilo jina alilobatizwa nalo, akachukua taa yake ya kupimia na kuinuka.

Nilivuka barabara. Ni hatua kumi na nne.

“Si yeye,” nilimwambia yule dereva. “Waya ni mimi.”

Sauti yangu ilitoka ndogo. Dereva alitoa kichwa dirishani, akasema, “Unasema nini?”

Nikarudia.