Askofu wa Ukingoni

Katika mchezo wangu bora kuliko yote wa sataranji nilimshinda mwalimu wa hesabu kutoka Hasamba. Nisingeuchambua, ningeendelea kujivunia hadi leo.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Kwa miaka minane mwalimu huyo, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyekuwa mpinzani wangu wa kweli. Siku hiyo tulikutana Vwawa, raundi ya mwisho ya mashindano madogo, ndani ya darasa lenye baridi. Nilikuwa na kete nyeupe.

Hatua ya ishirini na moja nilitoa farasi kafara ili nibomoe ukuta wa askari mbele ya mfalme wake. Alimla. Njia ya mshazari ikawa wazi, nikamweka malkia wangu juu yake; hatua moja zaidi na mfalme angekuwa amekwisha. Lakini nilikuwa nimeshabonyeza saa ya mchezo nilipoliona kosa langu. Askofu wake alikaa ukingoni kabisa mwa ubao, mkono wake wa kulia. Angemleta katikati, akilindwa na askari, angeziba ile njia, na malkia wangu asingeweza kupita wala kumla. Ningebaki nimepungukiwa farasi mzima, bila shambulio lolote.

Mwalimu alifikiri kwa dakika ishirini. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Kisha akasogeza ngome ili mfalme apate pa kukimbilia. Hatua sita baadaye mfalme hakuwa na pa kwenda.

"Umenimaliza vizuri, mwanangu," alisema. Kawaida yetu ilikuwa kubaki na kupitia mchezo pamoja. Safari hii alivaa koti akaondoka, akipapasa fremu ya mlango.

Jumapili iliyofuata nilipanga kete mezani. Askofu yule alinisumbua. Mwalimu hakuwa mtu wa kukosa hatua kama ile. Nikatoa daftari ninamoandika michezo yetu, nikapitia yote ya mwaka ule. Machi alipoteza ngome ya kona ya kulia. Juni alipoteza askari wa pembeni, kulia. Agosti, farasi, kulia tena. Katikati ya ubao alikuwa mkali vilevile. Nilifunga daftari, na chai yangu sikuimaliza.

Nilimfuata kwake Hasamba, nikamkuta amekaa barazani, kahawa imeanikwa uani, hakuna anayeigeuza. Nilimwamkia. Aligeuza kichwa chote ndipo akanitambua.

"Ni macho, mwalimu?" nilimuuliza.

"Presha ya macho. La kulia limeshakufa. La kushoto linafinyika. Madaktari wa Mbeya wameniambia kilichopotea hakirudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenihurumia. Ungecheza kwa kunionea huruma." Kisha akasema, "Umekuja na ubao? Nionyeshe nilipofia."

Nilipanga kete. Aliupapasa ubao kwa vidole, safu kwa safu, mpaka akamgusa askofu kule ukingoni. Kidole kikasimama.

"Huyu alikuwa hapa?"

"Alikuwapo."

Alimsogeza katikati mwenyewe, bila kuambiwa. "Nilisahau kwamba ninaye," alisema. "Dakika ishirini nzima nilikuwa natafuta, na sikumkumbuka." Akaninyanyulia uso. "Wewe ulimwona?"

Ningeweza kudanganya. "Nilimwona, mwalimu."

"Ukaogopa?"

"Sana."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilimshauri tucheze kwa simu, kila mmoja ataje hatua zake, mimi nimpangie ubao kwa maneno. Tulijaribu mara mbili. Mara ya pili, katikati ya mchezo, alitaja hatua ya malkia wake aliyekuwa ameshaliwa. Nilimweleza taratibu. "Basi," alisema, "basi, mwanangu, inatosha," akakata.

Mwaka ule aliomba kustaafu mapema, maana alishindwa kusahihisha madaftari. Nikipiga simu sasa hupokea mkewe. Hunisalimia vizuri, huniulizia kazi na foleni ya malori, kisha husema mwalimu amelala. Jana ilikuwa saa nne asubuhi. Nikamwambia basi, akiamka amsalimie.