Nilijitangazia kifo kwa font ya matanga ya duka la mamangu

Wakuu, mnisomee hii pole pole. Nianze na ujinga wangu: nilijiua kwa kompyuta. Sijaongeza chumvi hata punje.

Niko form three. Mamangu ana duka la kuprint hapa Kondele: kadi, mabango, mpaka menyu za vibanda vya samaki.

Kuna font moja hapo, yaani mtindo wa herufi. Mistari ya kusimama ni minene kama nguzo ya stima, ya kulala imekonda kama uzi, na kila herufi imevaa viatu. Mtu wa ng'ambo ya barabara anaisoma bila kufinya macho.

Zamani mama aliitumia kwa kila kitu, hata signboard ya kinyozi. Halafu watu wa matanga wakaipenda. Siku hizi bibi harusi akiiona anaruka: "Mama, toa hiyo! Hiyo ni ya mwili."

Sasa juzi mama akaenda Kisian kupeleka kazi. Nikabaki na kompyuta.

Nikachukua picha yangu ya uniform, nikaandika tangazo la kifo changu kwa herufi za kawaida, nikatuma group ya darasa. Wakacheka. Beste yangu Otis akaandika, "Maiti, rudisha charger yangu kwanza."

Nikaona wamenidharau. Nikabadilisha font tu, nikaweka ile ya matanga. Picha ile ile, maneno yale yale. Jina langu, OMONDI, likajaza upana wote wa bango. Nikatuma.

Wakuu, hakuna aliyecheka.

Mimi nikaona nimeshinda, nikazima data, nikaenda kununua mandazi. Hapo ndipo nilipokosea zaidi.

Kurudi dukani na kuwasha simu, missed calls zimejaa. Mtu alikuwa ameiweka kwa status. Cousin yangu wa Muhoroni akaiona, akamwonyesha Dani, nyanya yangu aliyenilea. Dani ana presha. Message ya cousin: "Uko hai? Dani ameanguka. Hasemi."

Nikapiga, hakuna anayeshika. Nikapiga tena. Mbele yangu jina langu bado liko kwa screen. Nikajaribu kulifunga, kompyuta ikahang, ikagoma kabisa. Mimi hucheka hata kanisani, lakini hapo niligeuza kiti nikaangalia ukuta.

Mara ya saba ikashikwa. Sauti ndogo. "Ni nani?"

"Ni mimi Dani. Omondi."

"Omondi gani?"

"Yule uliyemlea, Dani."

"Kama ni wewe," akasema, "niambie uliiba nini kwangu."

"Sukari, Dani. Ile ya wageni."

Akaanza kulia. Mimi pia. Msinicheke.

Mama akashuka kwa boda na kiatu kimoja. Alikuwa ameiona pia. Akanishika uso, masikio, mabega, kama mtu anahesabu. Hakunichapa. Heri angenichapa.

Nilichojifunza: maneno hayakubadilika, herufi ndizo zilinizika. Watu wamezizoea wakilia, kwa hivyo wakiziona wanalia kwanza, kuuliza baadaye. Nyinyi wa kudesign, kuna font mnaiogopa? Semeni hapa chini. Wenye matusi pia, nafasi iko.

Siku hiyo mama aliketi mbele ya ile screen. Halafu akasema hivi, sijapunguza neno:

"Omondi, hili bango lilipofika kwa simu yangu, nililiangalia kama kazi yangu ya duka. Nikasema, hizi herufi nimezipanga vizuri. Ndio nikasoma jina."