Wiski Yenye Ukungu

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho cha kazi, ila hakuna aliyelitumia. Hotelini wote walimwita Pua. Wageni waliongeza adabu wakamwita Mama Pua, na mtunza stoo, ambaye adabu hakuijua sana, alimwita Dada Pua akimpigia saluti. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwenye miwani ya kusomea aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na baa ile aliisimamia mwaka wa ishirini na mbili sasa. Jina alilipata siku aliponusa kizibo kimoja tu cha mvinyo akarudisha mzigo mzima kwa aliyeuleta. Tangu hapo bosi akatoa amri: kinywaji kipya hakivuki mlango wa stoo mpaka Pua akinuse na kukionja.

Basi asubuhi hiyo, saa nne, viti vikiwa bado miguu juu mezani, bosi alikuwa amepanga glasi tatu kwenye kaunta. Amezimimina mwenyewe kwa kujifungia. Chini ya kila glasi kulikuwa na kikaratasi chenye namba, na siri ya namba hizo aliiandika kwenye kikaratasi kingine, akakikunja akakitia mfuko wa shati.

"Onja," alisema. "Moja ni ya chupa mpya, nimeifungua sasa hivi. Moja ni ya chupa iliyo wazi hapo kaunta. Na moja ni ile wiski ya bei poa ya kupikia. Uniambie ipi ni ipi."

Mtunza stoo alisimama kando ya friji, shada la funguo likimning'inia kiunoni. Ndilo lililompa jina, Funguo. Baba wa watoto wanne, mtu wa mzaha kutwa kucha, lakini asubuhi hiyo alikuwa kimya mpaka ungesema amemeza ulimi.

Kisa kilikuwa kwenye daftari la zamu, ambalo bosi alilibwaga kaunta likiwa wazi. Mhudumu wa jana alikuwa ameandika: *Meza ya sita. Wiski ina ukungu. Mteja kairudisha.*

"Ukungu!" Bosi aligonga neno kwa kidole. "Wiski, pombe kali kama ile, iote ukungu kama mkate wa juzi? Mtu kaichezea. Kanywa ya kwenye chupa, kajazia maji ya bombani na takataka zake. Na usiku chupa zilizo wazi hulala stoo, na stoo anayo nani? Mimi chupa ile sikuipenda tangu mwanzo. Bei ya mbuzi wawili, halafu hata umri haikuandikwa! Ukisema, mama, iliyo wazi siyo yenyewe, huyu anaziweka funguo hapa, na polisi wanakuja kumchukua."

Bosi alikuwa na imani na pua ya mwanamke huyu. Hapo ndipo palipokuwa na balaa, kwa sababu pua hiyo ilikuwa imekufa.

Ilikufa miezi minne nyuma. Alishikwa na mafua ya wiki mbili, mafua yakaondoka, na harufu zote duniani zikaondoka nayo. Daktari alimwambia inaweza kurudi, inaweza isirudi. Aliyejua ni bintiye peke yake, na alijua kwa sababu alirudi nyumbani siku moja akakuta maharage yameungua yamekuwa mkaa, moshi umejaa sebuleni, na mama yake yuko uani hatua tatu tu kutoka dirisha la jiko, anachambua mchele na kuimba.

"Mama, kazini utawaambia lini?"

"Ikirudi," alijibu. Jibu halikuwa na kichwa wala miguu, na wote wawili walilijua hilo.

Na ubaya ni kwamba wiski hii hii aliipitisha yeye, miezi miwili iliyopita, akiwa hasikii harufu yoyote. Wakala aliileta kwenye sanduku la mbao: wiski ya kimea kitupu, ya kiwanda kimoja, ya watu wenye nafasi. Bosi aligeuza chupa mbele na nyuma akitafuta miaka. Wakala akaeleza kwamba wenyewe huchanganya mapipa, machanga na yaliyokula chumvi nyingi, ndiyo maana hawaandiki umri. Funguo alicheka. "Mimi na chupa hii ni pacha, bosi. Na mimi cheti changu cha kuzaliwa hakina mwaka." Pua naye akanusa, akafumba macho, akayarudia maneno ya wakala kwa kuyapindua mpangilio: moshi kidogo, asali, ngozi ya kiatu kipya. Bosi akasaini. Usiku ule Pua hakulala vizuri, na alistahili kukosa usingizi.

Sasa aliinua glasi ya kwanza. Alinusa. Ilikuwa kama kunusa dirisha. Akanywa funda, moto ukapita kooni, basi. Glasi ya pili, moto ule ule. Ya tatu hivyo hivyo. Kijasho chembamba kikamtoka chini ya kamba ya miwani.

"Vipi?" aliuliza bosi.

"Usiniharakishe."

Angeweza kubahatisha. Angeweza kusema ya kwanza na ya pili ni moja, kwa sauti ile ya kufumba macho, na pengine ingekuwa kweli. Na kama siyo, mtu mwenye watoto wanne angeondoka pale na pingu kwa ajili ya aibu ya mwanamke mmoja. Alimtazama Funguo akitegemea kuona macho ya kumwomba. Funguo hakumtazama. Alikuwa akiangalia sakafu, amezishika funguo zake zisilie.

Pua alirudisha macho kwenye daftari, si kwa kuwaza lolote, bali kwa kutafuta pa kuyaweka. *Wiski ina ukungu.* Akavaa miwani. Mhudumu aliyeandika alikuwa pale pale, upande wa pili wa ukumbi, anafuta meza, na toka asubuhi hakuna aliyemuuliza chochote.

"Mwanangu, hebu njoo," alimwita. "Huu ukungu ulioandika hapa ni upi? Wa mkate, au wa asubuhi?"

Mhudumu alishangaa. "Wa asubuhi, mama. Ule wa kufunika barabara. Niliimimina ikiwa safi kabisa, kama kioo. Mteja akataka barafu. Nilipotia barafu tu ikabadilika, ikawa na weupe weupe kama moshi umeingia ndani. Akasema ina nini, irudishe."

"Siyo uchafu wa kuota?"

"Aa, mama! Ningeandika imeoza."

Ndipo likamjia neno la wakala, ambalo siku ile lilipita sikioni wakati yeye anahangaika kuigiza. Wakala alisema wiski hii haichujwi kwa baridi kiwandani, mafuta yake huachwa humo humo, kwa hiyo mkitia maji au barafu msishangae ikifanya wingu. Alilisema akiwa anafunga sanduku lake, kama mtu anayeaga.

"Niletee barafu," Pua alimwambia mhudumu. "Bakuli zima."

"Mama, nimesema uonje," bosi alisema, sauti ikianza kupanda. "Sikuagiza barafu."

"Na mimi nakwambia subiri."

Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumjibu hivyo. Pua alitia vipande vitatu vitatu katika kila glasi. Wakasubiri. Kwa muda hakuna kilichotokea, na kama wakala naye alikuwa mwongo, basi kazi za watu wawili zilikuwa zimeota mbawa asubuhi hiyo hiyo.

Kisha glasi ya kwanza ikaanza kufifia. Weupe mwembamba ulianzia kwenye barafu ukashuka taratibu. Ya tatu ikafuata. Ya pili ilibaki angavu, na ikaendelea kubaki hivyo.

"Ya pili ni ya kupikia," Pua alisema. "Ya kwanza na ya tatu ni kitu kimoja. Na kama mtu angetia maji kwenye chupa iliyo wazi, wingu hili lingekuwa ndani ya chupa toka jana." Akaichukua chupa ile, akaiinua kuelekea dirishani. Ilikuwa safi kama machozi. "Hakuna aliyeichezea. Ni wewe uliyesoma ukungu mwingine."

Bosi alitoa kile kikaratasi mfukoni, akakisoma, akakisoma tena. Kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeepuka hasara, akampiga Funguo begani kana kwamba habari ya polisi ilikuwa utani. "Si nilisema? Mama Pua hakosei! Ijumaa nina wageni wazito, utawaonjesha wewe mwenyewe hii kitu." Akapanda ngazi kwenda ofisini, anapiga mluzi. Kuomba radhi hakukumpitia kichwani, na mwandishi huyu hamsingizii.

Funguo aliketi kwenye kreti ya soda.

"Dada," alisema, "hiyo ya barafu ulikuwa umeipanga, au Mungu kakuonea huruma?"

"Kupanga nini?"

"Maana najua hunusi."

Pua aliiweka chupa chini polepole.

"Siku ile mpira wa gesi ulipotoboka kwenye jiko la chai," Funguo aliendelea, "mimi nilisikia harufu nikiwa stoo. Nikakimbia, nikakukuta umeinamia silinda na kiberiti mkononi, unaimba. Nikakupokonya, nikakwambia naenda kuvuta sigara."

"Nilidhani ni utovu wako wa adabu wa kila siku. Na wewe huvuti sigara."

"Sivuti."

"Kwa hiyo ulisimama pale kwenye friji," alisema Pua, "ukijua kwamba nilikuwa naonja kama ninavyoonja maji. Ungesema neno moja tu, bosi angetupilia mbali mambo ya glasi."

"Ningesema, wewe ungekuwa nje kabla ya saa tano." Alizitikisa funguo zake, sasa zikalia. "Umenilisha wali wako miaka kumi na moja. Nianze leo kukuchongea?"

Machozi yalimtoka Pua, na hakuyaficha. Akamimina kidogo kutoka kwenye chupa iliyo wazi, bila barafu, akampa Funguo. "Ninusie. Niambie ukweli."

Funguo alitumbukiza pua yote ndani ya glasi, akapiga chafya, akarudi tena. Alifikiri kwa bidii. "Inanukia kabati la baba," alisema hatimaye. "Pale alipokuwa anaweka makoti yake."

Pua alifuta uso kwa kitambaa cha kaunta. Akaivua miwani, akaivaa tena, kisha akapanda ngazi. Funguo alimwita mara mbili kutoka chini, hakugeuka. Alibisha mlango wa ofisi.

"Ah, Mama Pua! Ingia, ingia."

"Bosi," alisema akiwa bado kizingitini, "usiniite jina hilo mpaka nimalize ninachotaka kukwambia."