Jeki Iliyobaki Chini ya Meza

Harufu ya gundi ya pancha ikipata moto hainipiti hivi hivi. Ninaishi Chaani sasa, na kila asubuhi nikienda kazini napita penye kibanda cha fundi wa magurudumu. Ile harufu kali ya mpira uliobabuka hunishika kooni kabla sijamwona fundi mwenyewe. Wenzangu huziba pua wakaenda zao. Mimi hupunguza mwendo, na kwa dakika moja huwa tena mtoto wa miaka kumi, nimesimama juani kwenye barabara ya Mwakirunge, nimeshika tawi la mwarobaini kwa mikono miwili, na sijui nifanye nini.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Ziwa la Ng'ombe, nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa mabati. Baba yangu alikuwa mshonaji wa makochi. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, nasi tulizoea kukuta misumari midogo kila mahali, siku nyingine hata kwenye wali. Baada ya miaka ya kukodi mikokoteni kupelekea watu makochi yao, alinunua gari kuukuu lenye mgongo mrefu, rangi ya maziwa, lililokuwa limeshapita mikononi mwa watu wanne kabla yake.

Mngemwona baba na gari lile mngecheka. Kila Jumapili kabla ya kanisa alilisugua kwa fulana zangu za zamani mpaka ukauona uso wako mlangoni. Viti alivishona upya mwenyewe kwa kitambaa cha maua makubwa mekundu, hata mama akasema ukikaa ndani wajihisi uko sebuleni kwa bibi harusi. Lakini macho ya baba yaliishia kwenye bodi. Huko chini, kwenye magurudumu, hakuwa akitazama. Maadamu gari linakwenda, kwake tairi lilikuwa zima. Shimo la kuwekea tairi la akiba aliligeuza stoo. Juu ya tairi lenyewe alijaza vipande vya sponji na mabunda ya uzi. Na jeki ya gari, jeki nzuri ya chuma, aliichukua siku ya pili tu akaiweka karakanani, chini ya meza yake ya kukatia vitambaa iliyokuwa imevunjika mguu.

"Utasema ilitengenezewa hapa," alisema akiipiga ile meza kwa kiganja, furaha imemjaa.

Sasa niwaambie jambo ambalo mama yangu hakulijua kwa miaka mingi. Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, mimi na baba tulisimama kwa Mutua, fundi wa pancha wa pale stejini, kutia upepo. Mutua alichuchumaa penye gurudumu la mbele, upande wa kushoto, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa tairi. Akaniita nami nione. Mpira ulikuwa umefanya nyufa nyembamba nyingi, kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku.

"Baba Kadzo, hili limezeeka," alisema. "Hata kama meno bado yapo, hizi nyufa si nzuri. Siku moja litakupasukia. Na lile la akiba pia uniletee nilipime."

"Nitapita wiki ijayo, inshallah," baba akajibu. Sisi ni Wakristo, lakini neno hilo kwetu kila mtu analo mdomoni. "Leo makochi ya watu yaningoja."

Mimi nilikuwa nikila mabuyu. Nilisikia kila neno, wala sikulitia maanani hata moja.

Jumamosi iliyofuata, kama saa tatu asubuhi, simu ya baba ililia. Alikuwa jirani yake Hawe. Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama yake baba. Alikaa peke yake Mwakirunge kwa kuwa hakutaka kuiacha mihogo yake. Jirani alisema mama ameamka vizuri, amechota maji, kisha ameanguka mlangoni, na mdomo umekwenda upande.

Tulimkuta amelazwa mkekani. Alikuwa macho. Mkono wa kulia ulilala kando yake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akitunze. Aliponiona alitaka kuniita jina langu, na kilichotoka kilikuwa "Ka... ka... ka..." Nilicheka. Nilidhani anafanya mzaha, kwa maana Hawe alikuwa mtu wa mizaha. Mama akanifinya bega, nami nikanyamaza. Muuguzi wa zahanati ya karibu alikuwa ameshamwona, na aliwaambia neno moja tu: hospitali kubwa, sasa hivi, msikae.

Wakamlaza kwenye kile kiti cha maua mekundu, kichwa mapajani mwa mama. Mimi nikakaa mbele na baba.

Barabara ile, kwa wasioijua, hupitwa na malori ya mawe kutoka machimboni mchana kutwa, na mawe huanguka yakasagika yakabaki vipande vyenye ncha. Baba aliendesha kwa kasi kuliko nilivyowahi kumwona. Hatukuwa tumefika mbali nilipousikia mlio. Haukuwa mkubwa kama watu wanavyosimulia. Ulikuwa kama mtu aliyeupiga mto kofi. Kisha usukani ukaanza kutetemeka na gari likavuta kushoto, mpaka likasimama kando, pua imeinama.

"Ni tairi tu," baba akasema. "Dakika kumi."

Alifungua nyuma akaanza kutupa nje vipande vya sponji, na upepo ukavibeba barabarani. Akalivuta tairi la akiba, akalibonyeza, nalo likazama chini ya kiganja chake. Halikuwa na upepo hata kidogo. Akainama tena ndani akitafuta, akipapasa huku na huku, halafu mikono yake ikasimama. Nilimwona akikumbuka.

"Jeki iko wapi?" mama akauliza kutoka ndani.

Baba akajifuta mikono kwenye suruali.

"Baba Kadzo, jeki iko wapi?"

"Chini ya meza," akasema.

Sijui kama nimewahi kusikia maneno mepesi yakitamkwa kwa uzito namna ile. Mama hakumlaumu. Aliteremsha macho akaendelea kumpepea Hawe kwa ncha ya leso.

Baba alijaribu kila kitu ambacho mtu hujaribu akiwa hana cha kufanya. Alimpigia rafiki yake mwenye teksi. Rafiki alikuwa Likoni, anangoja feri. Alijaribu kulegeza nati, spana ikateleza ikamchuna vidole. Alianza kuchimba chini ya gurudumu kwa mikono, akakutana na mwamba. Mtu wa bodaboda alisimama, akamtazama Hawe, akatikisa kichwa. Mgonjwa asiyeweza kuketi hapakiwi kwenye pikipiki. Lakini alilichukua lile tairi la akiba, akalifunga nyuma kwa kamba, akaenda kulitafutia upepo.

Hapo ndipo baba alipovunja tawi la mwarobaini akanipa. Gari letu lilikuwa karibu mno na kona, nasi hatukuwa na zile pembetatu nyekundu za kuwaonya madereva.

"Kadzo, nenda kule nyuma ya kona, hatua hamsini, ukae pembeni kabisa. Ukiona lori, punga. Usirudi mpaka nikuite."

"Nataka kukaa na Hawe."

"Enda!"

Nilikwenda huku nalia. Nilijua nimefukuzwa kwa sababu nilicheka. Nilisimama juani, kila lori likija napunga, nayo yalipiga honi yakapita, vumbi jeupe likanijaa kwenye nyusi na mdomoni. Nilijisemea moyoni kwamba lori moja likisimama, Hawe atapona. Nikayahesabu. Kumi na moja yalipita.

La kumi na mbili lilinipita, likasimama penye gari letu, nami nikalikimbilia. Dereva alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na aliteremka kabla hata baba hajamwita.

"Assalam aleikum, kuna nini hapa?"

Baba akamweleza kwa haraka, maneno yakigongana, akamwomba jeki.

"Wallahi ningekupa, ndugu yangu," alisema yule mzee. "Lakini jeki yangu ni ya lori, haipiti chini ya gari lako. Na hata ikipita, watia tairi gani?" Alichungulia ndani akamwona Hawe, na uso wake ukabadilika. "Gari acha. Mpandisheni mama huku mbele kwangu."

Wakambeba wanaume watatu: baba, dereva na utingo wake. Wakamlaza kwenye kiti cha lori, mama akampakata. Utingo akapanda juu ya mawe. Nafasi nyingine haikuwapo, ila juu ya mawe hayo hayo.

"Mimi nitapanda juu," baba akasema, na mguu ulikuwa umeshakanyaga gurudumu.

"Na Kadzo?" mama akauliza.

Baba akageuka akanitazama. Mtoto wa miaka kumi hapandishwi juu ya lori la mawe, wala haachwi peke yake njiani. Akaushusha mguu. Mlango ukafungwa, lori likaondoka na mama yake. Alilikimbilia hatua kama tano, sita, kisha akasimama katikati ya barabara, mikono inaning'inia, mpaka vumbi likalificha.

Nilingoja anigombeze, wala hakunigombeza. Alianza kuokota vipande vya sponji, kimoja kimoja, akivipangusa vumbi kama vitu vya thamani. Nilimsaidia. Tulipomaliza akaketi chini akaegemea mlango aliokuwa akiusugua kila Jumapili, akafunika uso kwa mikono yenye damu. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akilia bila sauti. Nilitamani nimguse, nikaogopa. Nikakaa karibu naye tu, nikitazama sisimizi.

Yule wa bodaboda alirudi na tairi. "Lakataa upepo, mzee. Latoa hewa ubavuni. Limekaa mno bila kutazamwa." Mwishowe baba alimpigia Mutua, naye akatufuata na jeki yake na tairi la kuazima. Alifanya kazi yake kimya, wala hakumkumbusha baba aliyomwambia. Alilegeza nati kwanza gari likiwa bado chini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu jingine, ndipo akainua. Haikuchukua hata robo saa.

Tulifika hospitali alasiri. Hawe alikuwa wodini, amelala. Mama alituambia lori lile halikusimama popote njiani mpaka langoni. Kisha akauliza, kwa upole, "Hukujua kama tairi limechoka?"

"Sikujua," baba akasema, akanitazama mimi.

Nikatazama sakafu.

Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alipopita, baba alimfuata mpaka ukumbini, nami nikamshika shati. "Daktari," alisema, "tungefika mapema, saa mbili hivi mapema, ingekuwa tofauti?"

Daktari akamwekea mkono begani. "Mzee, mshukuru Mungu amefika."

Nilifurahi sana. Usiku ule nililala fofofo.

Hawe aliishi nasi miaka minne baada ya hapo. Mkono wa kulia haukuamka tena, na mimi nikabaki "Ka" mpaka siku tulipomzika. Alijifunza kumenya mihogo kwa mkono wa kushoto, akishikilia muhogo kwa miguu, na akiwa na siku njema alitoa sauti ambayo sisi wenyewe tulijua ni mzaha. Baba alimlisha jioni mara nyingi. Hakuruhusu mtu mwingine amlishe siku za Jumamosi.

Jeki ilirudi garini, na meza akaipigia mguu wa mbao. Kila asubuhi, kabla gari halijapata moto, alizunguka na kipimo cha upepo gurudumu moja baada ya jingine, na la akiba pia. Alitia garini pembetatu mbili, tochi, glavu, chupa ya maji na kipande cha ubao cha kuwekea jeki mahali penye mchanga. Hata magari ya wageni hakuyaacha. Mtu akija kuagiza kochi, baba alishachuchumaa nje akipitisha kidole gumba ubavuni mwa matairi yake. Watu walimcheka. Nami nilimcheka, nilipokuwa msichana mkubwa mwenye haya.

Mwaka juzi nilinunua gari langu la kwanza, na baba akaja Chaani kuliona. Hakutazama rangi, hakutazama viti. Alilala chini kwenye kokoto na miaka yake sabini, akakagua tairi la akiba lililofungwa chini ya gari, akainuka akijipangusa magoti. Nikamwambia kile nilichotaka kumwambia siku zote: kwamba ajisamehe, kwa sababu hata daktari alisema saa zile mbili hazikuwa na neno.

"Daktari hakusema hivyo, Kadzo," akanijibu, bila hasira.

Nikayarudia maneno ya daktari moyoni, moja moja. Ilikuwa kweli. Baba alikuwa ameuliza swali, akapewa faraja badala ya jibu, na mimi niliichukua ile faraja nikalala nayo usingizi miaka yote hiyo. Yeye hakuwahi kujua ni kiasi gani cha mama yake kilibaki kwenye barabara ile. Nikamshika mkono, jambo ambalo siku ile niliogopa kulifanya, tukasimama hivyo kando ya gari mpaka aliposema amechoka, anataka kurudi nyumbani.